Ng'ombe Wasiingie Zizini

Nairobi

Baba yangu Mzee Marwa,

Shikamoo Baba, na mama naye shikamoo yake umfikishie. Kabla ya yote nauliza goti lako, maana nasikia umeanza tena kulipandisha kilima kufuata ng'ombe kama vile wewe bado kijana. Na mvua je, imefika Nyanungu, au bado mnaitazama ikinyesha upande wa Kenya tu? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na baridi ya huku nimeizoea.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako huiweka spika, na habari zangu husikilizwa na boma zima pamoja na wapita njia. Barua nimempa dereva wa basi la Sirari. Mdogo wangu Chacha ataipokea, akusomee mkiwa wawili.

Najua watu wakikuuliza kazi yangu unawajibu, "Anacheza kompyuta." Baba, sichezi! Wanaocheza ni wengine. Mimi ndiye ninayeandika maagizo yanayoufanya mchezo uende. Huu tunaoutengeneza sasa ni wa kuchunga ng'ombe kwenye simu: unawapeleka malishoni, unawavusha mto, jioni unawarudisha. Namna ng'ombe wanavyotembea na kunywa maji, yote nimeiandika mimi. Wenzangu wa mjini walitaka waende kwa mstari kama wanafunzi. Nikakataa kabisa. Niliwaambia ng'ombe wa kweli husimama katikati ya njia bila sababu, akakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekosea.

Sasa nikuchekeshe. Wiki iliyopita ng'ombe wangu walikataa kulala. Giza linaingia kwenye mchezo, wao wanazunguka tu mpaka wanaanguka kwa uchovu na kufa. Bosi wetu, mama mmoja asiye na mzaha, alikuwa anakaribia kuwaonyesha mchezo wanunuzi, akasema kazi yangu atapewa mwingine kama sitaweza. Nikasoma maagizo yangu yote, sikuona kosa. Nikamwita Wanjiru, Mkikuyu tunayekaa naye meza moja. Akasoma, naye hakuona. Ndipo akapita Otieno, Mjaluo, akainama kidogo tu na kuanza kucheka.

"Bhoke, hizi ng'ombe utaziua bure. Huku juu umeandika 'lala', huku chini umeandika 'rara'. Kwani nyinyi Wakurya mnararanga wapi?"

"Tunarara kwetu!" nikamjibu, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Maagizo ya wanyama tunayaandika kwa Kiswahili, Baba, na unaujua ulimi wetu, 'l' huigeuza 'r'. Wanjiru naye ni yale yale, ndiyo maana tulipita juu ya kosa wote wawili tukiliona zuri. Kompyuta haina undugu na mtu. Haikisii ulichotaka kusema, inashika ulichoandika. Nikarekebisha, ng'ombe wakalala, wanunuzi wakafurahi. Bosi amenikabidhi mchezo mzima niusimamie mpaka uingie sokoni.

Jioni ile ile, nikiwa bado na furaha yangu, Chacha akapiga.

"Dada, wale wazee wa Serengeti walirudi. Mzee anasema ulishakubali. Tukimaliza kuvuna tu, ng'ombe za mahari zinaingia."

"Nilikubali lini mimi?"

"Si walikuuliza Krismasi ukanyamaza?"

Baba, nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni na sikutaka kukuvunjia heshima mbele yao. Najua kwetu binti akiinama na kunyamaza watu husema amekubali. Basi sasa naandika, ili asiwepo wa kukisia: sikubali. Kijana wao sina neno baya naye. Lakini aliniambia kwa mdomo wake kwamba nikishaolewa kompyuta itakaa sandukuni. Hiyo kazi naipenda, Baba. Naipenda kama wewe unavyowapenda ng'ombe wako, na sijawahi kukusikia ukimwomba mtu ruhusa ya kuamka alfajiri kuwatazama. Kuolewa nitaolewa, na mtu nitakayemtaja mwenyewe.

Inaniuma kwamba umeshawapa wazee wenzako neno. Najua neno lako lina uzito na utaona aibu. Lakini ulilitoa ukidhani ni langu, nalo halikuwa langu. Waambie hivyo hivyo, kosa liwe langu.

Msalimie sana mama, na umwambie kitenge chake nimekipata, kile cha rangi anayoitaka. Msalimie bibi anayeniombea kila jioni. Shangazi Robi, anayesema nitazeekea mjini, mwambie ni kweli nazeeka, ila naye asijifanye anarudi utotoni.

Wazee wakija, wakaribishe vizuri, wale, wanywe, wazungumze mpaka wachoke. Lango la zizi tu ndilo libaki limefungwa. Na kama barua hii imechelewa, ng'ombe wao wamekwisha kuingia, usinifiche. Nitapanda basi nije. Nitafika mchana, majirani wote wakiwa nje, nitashika fimbo na kuwaswaga mimi mwenyewe mpaka Serengeti kwao.

Ni mimi mwanao,
Bhoke