Sahani Uliyotengewa, Kaku

Kaku,

Ntumba, mjukuu wako mdogo, amepasuka pembe za mdomo. Zote mbili, kama wewe. Akipiga mwayo damu inatoka, na bukari, ugali wetu, ikiwa ya moto anatafuna huku machozi yanamtiririka, yeye ambaye ulikuwa unamkemea kwa kula mbio.

Jumapili, tulipokaa kula, shangazi yetu, Tantine Béa, alimpakulia kwenye sahani ya peke yake. "Bugonjwa ya Kaku imerudia," alisema. "Akulie pembeni, asituambukize wote." Mtoto wa miaka minane akainuka, akaenda kukaa mlangoni bila kuuliza kitu. Alikuwa amekuona ukifanya hivyo miezi yako yote ya mwisho.

Jumatatu nilimpeleka kituo cha afya hapa mtaani Panda. Muuguzi alimtazama akilamba midomo na kuilamba tena, akamwambia: "Weye mutoto, ulimi yako haichoki? Iache kidogo ilale." Ntumba akacheka, kidonda kikafunguka.

Sababu ni ndogo mpaka inaudhi. Baridi ya mwezi wa sita na vumbi la malori vinakausha midomo, mtoto anailamba. Mate yanatuama pembeni, ngozi inalegea na kupasuka, kisha kuvu na vijidudu vinaingia. Muuguzi alimvuta kope ya chini akaona ndani ni nyeupe, damu haitoshi. Akauliza tunakula nini. Nikasema bukari. "Na nini?" Tangu uondoke hakuna anayemwagilia mboga zako za lengalenga nyuma ya nyumba, Kaku. Tunachovya bukari kwenye mchuzi wa nyanya, tunajiona tumekula.

Alitupa dawa ya kupaka ya kuua kuvu, na vidonge vya kuongeza damu. Akasema pembe za mdomo zikaushwe taratibu, zipakwe vazelini kabla ya kutoka kwenye baridi. Mtoto ale maharage, majani, yai likipatikana. Kula naye sahani moja, alisema, hakumdhuru mtu.

Hapo nikauliza juu yako. Yeye akaniuliza kama ulikuwa na meno ya bandia, na kama ulikuwa unalala nayo.

Ulikuwa unalala nayo. Nilipokuomba uyatoe ulinijibu: "Nikufe busiku, batu banikute bila meno? Hapana." Tukacheka wote wawili. Kumbe ufizi ulikuwa umesinyaa, meno yamelegea, mdomo umezama, na mate yanajaa kwenye mikunjo usiku kucha. Yalitakiwa kutolewa kila jioni, kusuguliwa, kulala kwenye maji safi, na fundi wa meno ayarekebishe. Ni hayo tu. Sisi tulikupaka limau na chumvi, ukavumilia, nami nikakusifu kwa kuvumilia.

Kilichokuua ni presha, najua. Lakini ulikufa ukiwa unakula peke yako, na hilo halikuwa na sababu yoyote.

Jioni ile nilimrudisha Ntumba kwenye sahani ya wote, nikaeleza kila kitu. Nilieleza vibaya, kwa sauti ya juu, kama mwalimu aliyechoka. Tantine akasikiliza mpaka mwisho. "Weye na masomo yako," akasema. "Kaku alipokuwa hapa, hayo masomo ilikuwa wapi?" Akajipakulia, akaenda kula jikoni.

Yeye ndiye aliyekutengea sahani, Kaku, lakini aliyeibeba kila siku mpaka pale mlangoni ulipokaa ni mimi. Nilikuwa naiweka chini haraka, nisikuguse mkono. Uliona. Ulisema "asante, mama", kila mara.

Lala, Kaku. Nitamwagilia lengalenga, nitampaka Ntumba dawa mpaka apone. Na kesho chakula kikiiva nitaingia jikoni kumwita Tantine aje tule pamoja, hata akinitukana. Wewe sikuwahi kukuita.

Mjukuu wako,
Kapinga