Kumuaga Kindness

Uru, 9 Februari 2025

Mwanangu Flavia,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, goti tu linanisumbua. Huko Dodoma, jikoni kwenu chuoni, mnaendeleaje? Naandika kwa sababu kwenye simu mwanao Kindness ananisikiliza. Mtoto hachezi. Tangu uliporudi kazini baada ya Krismasi hajacheka, hajalia, na usiku analala na viatu. Nikimvua, anavivaa tena. Mwalimu anasema darasani anasinzia. Nimempa dawa ya minyoo, nimempeleka kwa Padre akaombewa. Minyoo imetoka, ukimya umebaki. Naogopa, mwanangu.

Mama yako,
Hilda

Dodoma, 20 Februari 2025

Shikamoo mama,

Pole na goti. Mimi sijambo, wanafunzi wanakula na kusaza. Kuhusu Kindness, usinitie hofu. Ana miaka saba, atasahau. Niliondoka alfajiri akiwa amelala, kama ulivyonishauri. Nawe ulitufanyia hivyo hivyo ulipokuwa ukienda kuuza ndizi Moshi, na tumekua. Mpikie mtori wa ndizi na nyama.

Binti yako,
Flavia

Uru, 16 Machi 2025

Flavia mwanangu,

Hujambo? Sisi tumeamka vizuri, na leo utacheka. Loveness, yule jirani yetu msusi, amefundishwa pale zahanati kukaa na watoto wenye huzuni. Kila Jumamosi anawakusanya kwenye ukumbi wa kanisa letu la kigango, na sharti lake ni kwamba mlezi naye acheze. Basi mimi na goti langu nimechezeshwa rede, kukwepa mpira kama mtoto. Mpira ulinipata mgongoni, nikakaa chini puu, Kindness akacheka mpaka akashika tumbo. Nilitamani nibaki pale nipigwe tena.

Baadaye Loveness alimuuliza taratibu habari ya viatu. Akajibu, "Nikilala, watu wanaondoka."

Mwanangu, kosa ni langu. Nilidhani tunamwepusha na machozi. Pasaka ukija, ondoka mchana, akikuona. Muage, umwambie na siku ya kurudi.

Mama yako

Dodoma, 24 Aprili 2025

Shikamoo mama,

Nimefika salama, ila roho yangu iko huko. Uliona alivyoning'ang'ania pale barabarani? Kile kilio kilikaa masikioni mwangu mpaka Boma Ng'ombe, nusura nishuke. Ningemtoroka usingizini nisingemuumiza hivi. Niambie kweli, mama, tumemharibu mtoto?

Binti yako

Uru, 2 Mei 2025

Marahaba mwanangu,

Tulia, unywe na maji. Gari lilipoondoka alilia kwa sauti mpaka majirani wakatoka vihambani, kwenye migomba yao, wakidhani kuna msiba. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe. Miezi minne mtoto hajatoa chozi! Nilimpakata tukalia wote wawili, mpaka mwenyewe akachoka akaomba chakula. Alikula sahani mbili.

Asubuhi alipita nyumba kwa nyumba kama mwenyekiti wa kijiji. Primus wa dukani ameambiwa, Padre ameambiwa, hata ng'ombe wangu ameambiwa: "Mama yangu ameenda kazini. Ameniaga mimi mwenyewe, na atarudi shule zikifungwa."

Kwa hiyo usithubutu kuchelewa. Huku Uru sasa tunakusubiri kijiji kizima.

Mama yako