Baba Anakata Aya Pasipo Kituo

Jumatano, 9 Julai 2025
Homa ya mafua imemwacha Baba. Leo ameswalisha tena, na Mama kapika pilau – katikati ya wiki! Ila kwenye ngazi alisimama akajifanya anatafuta funguo. Zilikuwa mkononi.

Jumamosi, 12 Julai
Madrasa. Baba alitusomea Surat al-Mulk. Akakata aya katikati kuvuta pumzi, pasipo kituo. Kisha tena. Yeye anayesema ukikata vibaya unageuza maana! Bashir, mwanafunzi mwenzetu, akamnong'oneza jirani yake Jafar kwamba hiyo ni staili ya Misri. Basi, wakaamini.

Jumatatu, 14 Julai
Nilingoja darasa liishe watu, nikamuuliza Mwalimu Okwera wa biolojia. Mafua yakiisha, mbona pumzi bado inamkatika Baba? Akasema virusi vya mafua mara chache hufika kwenye msuli wa moyo, au mwili ukipigana navyo huuumiza. Moyo huvimba, ukashindwa kusukuma damu vizuri, hata homa ikiwa imekwisha. Akauliza: analala chali? Hapana, siku hizi anaegemea mito. Miguu imevimba? Sijui. Akaacha kufuta ubao. Akasema apelekwe hospitali, asingoje.

Jumanne, 15 Julai
Soksi zimeacha mfereji miguuni mwa Baba. Nikamwambia Mama, Mama akamwambia yeye. Jibu: ataenda hospitali baada ya mashindano ya Kurani ya madrasa yetu, Jumapili. Kaka Nasif akanitania, “Daktari wa vitabu! Mafua ya pua wewe umeyapeleka moyoni?” Baba akacheka. Kicheko kikamwishia njiani.

Jumamosi, 19 Julai
Mazoezi ya mwisho. Bashir akasoma, akakata palepale anapokata Baba. Jafar vilevile. Hata wadogo. Wamemuiga wote!

Baba akagonga meza. “Nani kawafundisha hivi? Kesho mtaniaibisha!”

 Nani amwambie ustadhi? Sisi wasichana wa nyuma hatusemi mpaka tuulizwe. Nikasimama.

“Ni wewe, Baba. Pumzi haikutoshi.”

Hakunigombeza. Akafungua msahafu asome mwenyewe, atuonyeshe. Akaanza vizuri. Akafika pale, akakata. Akarudia. Akakata mapema zaidi. Jafar akainamisha uso.

Sasa tuko barazani. Nilimwita Mama, naye amekwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Wavulana wamebaki ndani, hakuna aliyewaruhusu kuondoka. Baba ameegemea ukuta, bado anaisoma ile aya bila sauti. Midomo inakwenda, inasimama, inakwenda.

Imesimama. Namwita, hajageuka –