Matembezi Yako ya Jeddah

Kadzo wangu,

Nimefika Jeddah. Nimekuja peke yangu kwa basi kutoka Riyadh, mkoba nimeukalia njia nzima, maana jirani yangu alikuwa mpole kupita kiasi, na watu wapole mimi huniogopesha. Unanijua. Siku hizi nina kafili mwingine, mwajiri mpya anayenidhamini, nafanya usafi maofisini, na likizo napewa kama binadamu. Walipokuzika Kilifi nilikuwa bado mtaa wa Shumaisi, kule Riyadh, kwa madam wa zamani, napiga pasi kanzu huku nikizilowesha kwa machozi. Hilo bado linaniuma.

Aliyenituma huku ni mama yako. Kila akinipigia simu anarudi palepale: "Angalau mwanangu alipata siku moja ya raha, akautembea ule mji wa zamani kwa miguu yake." Hilo ndilo linalompa usingizi. Aliniomba nikifika nimpigie kwa video, aone ulikopita.

Sasa nikwambie ukweli. Mimi hayo matembezi yako sikuwahi kuyaamini. Madam wako hakukuruhusu hata kutupa takataka bila mtoto mmoja kukufuata, leo akuachie Jeddah mchana kutwa? Halafu ulivyonisimulia kwenye simu, kila kitu kilikuwa juu: madirisha ya mbao yaliyotokeza nje, ya kijani, ya kahawia, na njiwa. Cha chini hukusimulia hata kimoja. Nilinyamaza, nisikuharibie.

Leo nimeingia mwenyewe. Mzee mmoja wa Kiyemeni alinipa kahawa, akakataa pesa. Nikangoja anywe yeye kwanza. Mwingine alitaka kunionyesha njia, nikamwambia halas, yatosha, naijua, nikapotea papo hapo. Vichochoro ni vyembamba, gari halipiti, na paka wamejilaza katikati wala hawakupishi. Paka hukuwataja. Nikajiambia labda siku yako walikuwa wamelala kwingine.

Kisha nikatokea mbele ya nyumba kubwa ya kale, na hapo pana mti. Mwarobaini, Kadzo! Mkubwa, umesheheni majani. Wewe uliyeyaleta majani yake makavu kutoka kwenu ndani ya soksi, ukatuchemshia kila aliyepiga chafya kule kwa wakala tulikongoja kazi, tukanywa huku tukikulaani! Ungepita chini ya mti huu ukose kunisimulia? Ungeuchuma mpaka askari waje.

Hukufika hapa. Uliuona mji kupitia kioo cha gari, watoto wamekulalia mapajani, madam yuko dukani. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, watalii wakinikwepa.

Nilitaka nisimpigie mama. Nikampigia. Hata nyumba hakuzitazama, aliuona mti kwanza: "Kumbe hata huko upo! Haya niambie, Kadzo alichuma?"

Alikuwa ameisogeza simu karibu mno, naona jicho moja tu, linasubiri.

Nikamwambia alichuma, mama, akajaza mkoba, mlinzi akamfukuza mpaka barabarani. Akacheka, Kadzo. Tangu ufe sijamsikia akicheka.

Basi pumzika, dada yangu. Nikirudi nyumbani nitakwenda Kilifi kumsimulia na yaliyobaki, na wa kuyatilia shaka asithubutu kufanya hivyo mbele yangu.

Ni mimi wako,
Mwende