Dakika Moja ya Kumkumbuka Mwalimu Ndayikeza

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Fremu zimekamilika! Ukuta mzima wa maabara mpya — walimu wa sayansi wa shule yetu tangu mwanzo. Wazungu wa kujitolea na soksi zao ndefu. Vijana wa Kidato cha Sita waliofundisha fizikia huku wakisubiri chuo. Kwa miaka ile tuliyokosa kabisa mwalimu wa fizikia nimetundika fremu tupu. Mkuu kauliza picha iko wapi. Nikamwambia ndiyo hiyo. Mwisho kabisa nipo mimi, meno yote nje.

Wa kwanza ni Mwalimu Ndayikeza, mkimbizi kutoka Burundi. Fizikia, kemia, baiolojia, zote peke yake, bila maabara. Jumamosi jengo linapewa jina lake! Nimelipigania jina hilo mpaka sauti ikakauka. Mkuu ana sharti moja tu: majengo hupewa majina ya marehemu, ili walio hai wasigombane. Hapo hakuna shida. Mji mzima unajua Ndayikeza alirudi kwao akafia huko.

Jumanne, 8 Oktoba

Mungu wangu. YU HAI!

Agnesi, mpishi wetu, kaniambia huku anachambua maharage, wala hana wasiwasi. Marehemu gani? Mbona juzi kanisani, kule kijijini Simbo, alikuwa anaimba besi?

Nimecheka, halafu nikakaa chini. Bango limeshachorwa. Ratiba imeshasambazwa: dakika moja ya kimya. Mkuu akijua, jina linakwenda kwa marehemu kaka yake Bwana Castory, mwenyekiti wa bodi. Kaka mwenyewe hakuwahi kushika hata kipimajoto!

Alhamisi, 10 Oktoba

Simbo, kwa bodaboda. Nimemkuta shambani anapalilia mihogo, mgongo umenyooka kunishinda. Shikamoo. Marahaba. Nikamwaga yote — kifo chake, jina lake, sharti la Mkuu. Nilidhani atanifukuza na jembe. Kacheka mpaka kashikilia mchikichi!

Kisha kauliza hilo jina limeandikwa kwa herufi kubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwenye simu. Kasema ameishi hapa karibu maisha yake yote, na jina lake halijawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye karatasi za ukimbizi. Mimi nikalia. Yeye wala.

"Ego, ndiyo, mwanangu," akasema. "Mpaka Jumamosi jioni mimi ni marehemu. Ila nitakuja kusikiliza msiba wangu."

Kaapa atakaa nyuma na hatafungua mdomo. Nimerudi naimba njia nzima. Dereva kadhani nimechumbiwa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika nimeficha daftari chini ya meza ya mapokezi. Yupo! Mstari wa mwisho, koti la zamani, kofia imefunika macho. Hakuna aliyemtambua. Tumesimama ile dakika moja, naye kasimama, kichwa chini, mabega yanatikisika. Watu wanadhani analia. Anacheka! Nimejiuma shavu mpaka linauma.

Sasa anaongea Bwana Castory. Kumbe alifundishwa na Ndayikeza! Anamsifu vizuri mno, leo nampenda kabisa. Mkuu ameshashika kamba ya pazia, akimaliza tu jina linafunuliwa.

Bwana Castory anasema kuna somo moja la marehemu hatalisahau mpaka kaburini. Ukidondosha jiwe na kokoto kutoka juu ya paa la shule, jiwe kwa uzito wake hutangulia kufika chini.

Jamani. Jamani!

Kidato cha Kwanza wote wameguna. Yanafika pamoja, mheshimiwa! Namwangalia mzee wangu. Hacheki tena. Kavua kofia. Hapana, mzee, acha lipite. Kosa dogo tu, nani atalikumbuka kesho? Jina lako liko hapo nyuma ya kitambaa!

Kanyoosha mkono.

Mkuu, kwa upole, kamba bado mkononi: mzee wetu pale nyuma, nawe ulisoma kwa marehemu?

Anakuja mbele, katikati ya viti. Anaomba chaki.