Herufi za Baba Zenye Vijiguu

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na mashine ya chapa haikusumbui. Mimi mzima, kikohozi tu.

Mchapishaji wangu anatoa kitabu cha hadithi kwa wazee wenye macho hafifu, nami nimepewa kazi ya kuchora herufi zake. Nimezikumbuka zile za madini ya risasi alizokuwa akichapia baba: nene hapa, nyembamba pale, na vile vijiguu vya chini vinavyolishika jicho lisiruke mstari. Zilichapa vyeti vya shule na matangazo ya misiba, na hakuna aliyewahi kuuliza hapa pameandikwa nini. Naomba unichapie mfano wa kila herufi kabla ya Mei.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Herufi hazipo, nilimuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu mwaka jana, masanduku yote. Chora unazozikumbuka. Si wewe uliyekuwa ukikalishwa mezani na baba na penseli mkononi, mimi nikisugua wino kwa mafuta ya taa?

Dada yako

30 Juni

Dada,

Shikamoo. Kazi nimeikosa. Nilichora kwa kukumbuka, lakini “a” yangu ilikaa kama imelewa. Amepewa mwenzangu wa meza ya pili, aliyeleta herufi zisizo na vijiguu, kavu kama fito. Kila nikimwona anapongezwa, moyo unanichemka. Sikujua wivu unauma hivi.

Mdogo wako

16 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikakaa.

Nilikudanganya. Herufi zipo stoo, nimezifungia kufuli. Huo wivu naujua tangu nina miaka kumi na miwili. Baba alikuita wewe uone herufi ilivyokaa. Mimi aliniita nifagie. Alipofariki nikabaki na masanduku, nikasema angalau hiki ni changu. Ulipoziomba, niliona unakuja kuchukua hata hicho.

Nimechapa herufi zote, na kisa kimoja kifupi uone zinavyokaa pamoja. Zimo humu. Najua nimechelewa. Usiponijibu nitaelewa.

Dada yako

21 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sikuandika kwa sababu kila nikianza yalitoka matusi. Hasira bado ninayo.

Hata hivyo kurasa zako nilizipeleka kwa mchapishaji. Akawapa wazee wawili wasome, zako na za mwenzangu. Za mwenzangu waliziacha katikati. Kisa chako walikimaliza, mmoja akauliza kinaendelea wapi. Basi kitabu kitatoka kwa herufi za baba.

Nikasema nitazichora. Mchapishaji akapitisha kidole juu ya karatasi, pale herufi zilipobonyea. “Usichore. Nani amechapa hizi?”

“Dada yangu.”

Anataka nakala mia mbili za kwanza uzichape wewe, kwa mkono, na jina lako ukurasa wa mwisho. Langu halimo. Nilijifungia chooni nikalia, na hayakuwa machozi ya furaha. Nakuambia mwenyewe usije ukayasikia kwa mwingine.

Karatasi zitafika Jumatatu. Nimemwambia utakubali.

Mdogo wako