Tangi Likae Tupu Mpaka Desemba

Koboko, nyuma ya soko,
West Nile, Uganda.
Alhamisi, 16 Oktoba 2025.

Mpendwa mjukuu wangu Swadiki,

Asalaam alaikum. Hujambo? Mwili uko salama? Huko Mombasa unakula chakula cha watu, au bado ni chai na andazi mpaka jioni? Kile kifua chako cha utotoni kimetulia? Sisi huku tuko wazima, Alhamdulillahi. Goti langu linauma mvua ikija, na mvua inakuja kila siku. Shangazi yako Zulaika wa Ajia amevuna karanga, ameniletea gunia. Mazuri ni hayo. Yamekwisha.

Tangu Jumapili nakupigia simu. Inalia, inalia, unaiacha. Basi nimeshika kalamu mwenyewe. Mwandiko wangu ni wa darasa la tatu, lakini utausoma wote mpaka chini.

Mambo ni ya samaki. Lile tangi la kioo la ami yako Muzamili, pale mapokezi ya gesti yake, ambalo madereva wa mpakani Oraba wanashuka kulitazama hata kama hawalali, leo halina samaki hata mmoja. Kuna maji ya chumvi, mawe, mchanga, konokono na yule uduvi mwekundu. Samaki wako kwangu, chumba cha nyuma, ndani ya mapipa ya plastiki kama wagonjwa wa wadi. Nasema waliobaki. Wengine tumewazika chini ya migomba.

Ugonjwa ulikuja na yule wa bluu, bapa kama sahani, mwenye pezi la njano mgongoni, uliyemtuma kwa basi kabla ya Maulidi. Siku alipofika, dada yako Sharifah alitaka kumweka peke yake kwenye pipa, stoo, mpaka aonekane ni mzima. Ami yako akakataa. Unamjua. Mbele ya watu waliokuja kwa Maulidi alisema kwetu mgeni aliyetoka mbali hivyo hafungiwi stoo na magunia ya mkaa. Mgeni anaketishwa na wenzake, anakula nao sahani moja. Watu wakacheka, wakamsifu. Mzee Kamisi akasema huo ndio ukarimu wa babu zetu askari. Samaki akamiminwa tangini, na Sharifah akafunga mdomo wake.

Maulidi ikapita kidogo tu, mgeni akatoka madoa meupe, kama mtu amemnyunyizia chumvi. Akawa anajikwaruza kwenye mawe kama mbuzi mwenye upele, anahema mbio mbio. Akafa. Wale wa rangi ya chungwa wenye mistari wakafuata. Hapo kila mtu Koboko akawa daktari. Huyu anasema chumvi imezidi, yule anasema imepungua. Ami yako akaja na dawa ya minyoo ya mbuzi, ameshaifungua kifuniko. Nikamnyang'anya. Nikamwambia hawa hawalii mee.

Sharifah akanieleza, na mimi nimeelewa vizuri kuliko wote pale gesti. Kinachowala ni kidudu. Kinakaa ndani ya ngozi ya samaki, kikishiba kinaanguka mchangani, kinajifungia kama yai, kisha linapasuka na watoto wake wanaogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa ya shaba inawaua wakati ule tu wanapoogelea. Kikiwa ngozini au mchangani haikipati. Kwa hiyo dawa lazima ikae majini wiki nyingi, kwa kipimo. Ikipungua kidudu kinashinda, ikizidi samaki mwenyewe anakufa. Na tangini haitiwi, maana konokono na uduvi hawaiwezi shaba hata kidogo. Ndiyo maana samaki walihamia kwangu. Na tangi likae bila samaki mpaka Desemba, ili vidudu vilivyobaki mchangani vitoke, vikose wa kumla, vife njaa.

Mchana Sharifah akiwa kazini gesti, mimi ndiye nakaa nao. Natia matone kwenye kichupa, maji yanageuka bluu, nalinganisha na ile karatasi ya rangi kujua kipimo cha shaba. Umeme ukikatika, naunganisha pampu ya hewa kwenye betri ya sola. Majirani wanakuja kuwaona wagonjwa, kama desturi, lakini nimewakataza kuweka mkono ndani. Jalia, yule wa duka la mbele, alichovya kidole pipani akitaka kuwaombea dua. Nikamwambia dua inapaa vizuri na mkono ukiwa mkavu. Amenuna mpaka leo. Anune. Samaki madoa yameisha, wanakula.

Sasa sikia.

Jumamosi ya wiki ijayo watu wanatoka Arua kuja kumposa Madinah, binti ya ami yako. Watapokelewa gesti, na ami yako hataki wakute kioo kitupu. Jumamosi iliyopita alimwita Sharifah mapokezi, Paska mpishi akiwa hapo hapo, na wageni wawili wanakunywa chai. Akasema samaki warudi tangini kabla ya Ijumaa ya wiki hiyo. Akikataa, aweke funguo mezani aende Ajia akalime na shangazi yake. Akasema mengine mabaya zaidi. Kwamba mikono ya Sharifah ni michafu, kwamba ndiye aliyewaua samaki wake, kwamba amemlisha na kumvisha tangu baba yenu afariki na malipo yake ndiyo haya. Sharifah akatazama sakafu tu.

Nilivaa viatu nikaenda, na goti langu hili. Nilimkuta ami yako amesimama anakitazama kile kioo.

"Muzamili," nikamwambia, "ukimwamsha mgonjwa kitandani kwa ajili ya wageni, wageni watakula matanga."

"Mama, watu watoke Arua mpaka hapa kuangalia konokono?"

"Wanakuja kumwangalia Madinah."

Akafuta kioo kwa kiganja. Kisha akasema, "Huyo mtoto ameniulia samaki, Mama. Sasa anataka kuniua kwa aibu. Kwa nini nimsikilize?"

Swadiki, niligeuka nikaondoka. Mimi, nimefukuzwa na swali la mtoto niliyemzaa.

Niliporudi nilimkuta Sharifah anakunja nguo zake, anazipanga ndani ya begi. Nikamuuliza, wewe una ulimi, kwa nini unatukanwa kama mwizi na unatazama sakafu? Akaendelea kukunja. Nikakaa juu ya begi. Nikamwambia sitoki hapa. Ndipo akasema, "Haboba, nilimuahidi Swadiki."

Kumbe ulijua. Kabla basi haijaondoka ulikwishaona doa kwenye pezi la yule wa bluu. Huko kwa tajiri wako muuza samaki, samaki mpya anawekwa kando wiki nyingi kabla ya kuuzwa, nawe hukumweka, kwa sababu ami yako alikuwa anakusukuma kwa simu kila siku, Maulidi, Maulidi, na wewe ukaogopa kumwambia bado. Ukampigia dada yako kwa siri. Ukamwambia amtenge, na asimwambie ami sababu. Basi angemtenga kwa nguvu gani? Mdomo umemfunga wewe, kisha unataka apigane na Muzamili mbele ya Maulidi nzima. Muzamili ana kelele, lakini si mjinga. Angejua mgeni ana ugonjwa, pipa la stoo angelibeba mwenyewe kichwani.

Wewe na Sharifah mmenyonya ziwa moja. Mama yenu alipokuwa hoi, ni nani alikubeba mgongoni kwenda zahanati? Hata yeye alikuwa mtoto. Leo anabeba tena, na wewe una ndevu.

Usifikiri mimi nitamwambia ami yako. Nikisema mimi, litakuwa neno la bibi anayemtetea mjukuu wa kike, na yeye atasema Mama umedanganywa. Ukisema wewe uliyemfunga yule samaki ndani ya mfuko, ataamini. Tena umweleze wewe, fundi wa huko, kwa nini tangi lisiguswe mpaka Desemba. Akirudisha samaki sasa, vidudu vinawasubiri mchangani, na kabla harusi haijafika hakuna atakayebaki. Hapo Sharifah hata Ajia watamwita muuaji wa samaki.

Atakutukana, ndiyo. Utasikiliza mpaka amalize. Hakuna aliyekufa kwa matusi ya Muzamili, la sivyo angekuwa kaburini kila mtu hapa.

Barua hii anakuja nayo Lodu, dereva wa lori, anakwenda kupakia mzigo bandarini. Mpaka wa Malaba usipomchelewesha, Jumanne atakuwa kwako. Nimemwambia asikupe na kuondoka. Akae mpaka usome, halafu akupe simu yake umpigie ami yako, maana yako naona imeharibika.

Wanakusalimu Zulaika na Paska, na Madinah anauliza kama utakuja kwenye harusi. Nimemjibu sijui. Sharifah hajanituma salamu, na mimi sikumwomba. Begi lake nimelivuta chini ya kitanda changu, lakini nguo bado ziko ndani.

Wajukuu wengine nikiwaandikia namaliza kwa dua. Dua yako iko, Swadiki, ndefu na nzuri, na radhi yangu iko pamoja nayo. Nimezishika zote mbili mkononi. Sizitumi kwa lori. Ongea na ami yako kwanza, kisha niombe, nitakupa siku hiyo hiyo.

Mimi ninayekupenda hata nikiwa na hasira hii,
Haboba wako.